Ufundi wa bure, nati isiyo na mwenyewe

Ukiingia sheli nyingi za Dar es Salaam utakuta, pembeni ya pampu, shimo la zege, rafu ya magaloni na kibao: nunua oili kwetu, ufundi bure. Ndani ya robo saa oili imemwagwa, filta imebadilishwa, umebandikiwa kistika cha kilomita kwenye kioo na umeambiwa “tayari bosi”. Wengi huondoka salama. Ila wapo wanaofika Kimara au Mbagala na sampu iliyolowa, na wapo wasiofika kabisa. Hao wa mwisho ndio wanaonipigia simu, na maneno yao hufanana: fundi mzembe, fundi hana akili, fundi alikuwa anachati. Sipingi kwamba alikuwa anachati. Ninachopinga ni kuanza lawama kwa kijana aliye shimoni na kuishia hapo hapo. Uzembe wa kubadilisha oili kwa haraka umetengenezwa na kile kibao. Kazi isiyo na bei haitengewi muda, na kazi isiyotengewa muda hakuna anayeikagua.

Tupige hesabu. Duka linapata faida kwenye oili na filta. Kwenye ufundi halipati kitu, kwa hiyo kila dakika ambayo gari lako limekaa juu ya shimo ni dakika ambayo gari jingine lenye hela limekosa nafasi. Mwenye duka anayeijua biashara atazipunguza dakika hizo, nami nisingemlaumu kwa hilo. Tatizo ni zipi zinazopunguzwa. Oili haiharakishwi, inashuka kwa mwendo wake. Zinazokatwa ni zile ambazo mteja hazioni: kufuta uso inapokaa filta, kubadilisha washa, kukaza kwa kipimo, kuiacha injini iungurume huku mtu anachungulia chini, kusubiri oili itulie na kupima upya. Zote kwa pamoja hazizidi dakika kumi. Usalama wa injini karibu wote umo humo.

Ongeza jinsi kazi inavyogawanywa. Kijana wa shimoni mara nyingi ni deiwaka, anategemea idadi ya magari na chochote utakachomwachia mkononi. Amelegeza nati ya gari lako, ameitwa kupokea gari jingine, mwenzake amerudi kumalizia. Aliyefungua siye aliyefunga. Juu, kwenye boneti, kuna wa tatu anamimina oili, naye anaamini wa chini ameshakaza. Ukiwauliza mmoja mmoja baadaye, kila mmoja atasema kweli tupu: yeye alifanya kipande chake. Nati ya sampu ndiyo iliyobaki bila mwenyewe.

Nati hiyo inastahili kuelezwa. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo ndani ya baadhi ya Vitz na ndani ya IST na Fielder nyingi zilizojaa barabarani kwetu, Toyota wanataka ikazwe kwa takriban nyutoni-mita 37. Kwa lugha ya mkono: shika spana ya sentimita 20, kisha isukume mwishoni kwa nguvu ya mzigo wa kilo 19 hivi. Si nguvu nyingi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Kijana mwenye misuli akishika spana ndefu, au mashine ya upepo aliyoiazima upande wa matairi, anapita kipimo hicho mara mbili bila kujua, na siku hiyo hakitatokea kitu. Nati haivuji. Nyuzi zimevutika tu. Safari inayofuata zinavutika zaidi, na siku moja zinatoka pamoja na nati. Sampu ikiwa ya aluminiamu siku hiyo huja mapema. Fundi aliyeishika spana siku hiyo ndiye atakayeitwa mharibifu, ingawa aliyeziua nyuzi alikuwa kituo kingine mwaka jana.

Filta nayo ina kosa lake, ambalo kila fundi mzee analijua. Filta ya kuzungusha ina mpira mdomoni. Ya zamani ikitoka, mpira huo wakati mwingine hubaki umenata kwenye injini. Asiyepitisha kitambaa na kidole pale hawezi kujua. Anafunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta inaweza kuvumilia kwa muda. Ukishaingia barabarani mizunguko ikapanda, presha inausukuma mpira mmoja nje na lita 3.7 zilizomo kwenye ile 1NZ zinamwagika ndani ya dakika chache. Kanuni ya kufunga ni nyepesi: paka mpira mpya oili, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Anayeikaza kwa chuma anadhani anakuongezea usalama, kumbe anauponda mpira na kumtafutia taabu atakayekuja kuifungua.

Kosa jingine linawaandama zaidi wenye Subaru za otomatiki. Chini ya Forester kuna zaidi ya nati moja inayoweza kudhaniwa kuwa ya oili ya injini, na matoleo kadhaa yana hata filta ya giaboksi iliyokaa nje, umbo lilelile la filta ya injini. Asiyeijua gari anamwaga mafuta ya giaboksi, kisha anamimina galoni zima la oili mpya kwenye injini ambayo oili yake ya zamani bado imo. Gari linaondoka na makosa mawili: giaboksi imekauka, injini imefurika. Oili iliyofurika inafikiwa na krenki, inapigwa mpaka inatoa povu, na povu halina uwezo wa kubeba beringi. Dalili zilikuwapo tangu mwanzo kwa aliyetazama. Mafuta ya giaboksi kwa kawaida ni mekundu na hayana masizi. Oili ya injini iliyotembea hutoka nyeusi au kahawia iliyoiva.

Wanaoamini kwamba mambo haya ni ya gereji za chini ya mwembe wasikilize kisa cha Miami. Kabla ya safari ya asubuhi ya tarehe 5 Mei 1983, mafundi wa Eastern Air Lines walibadilisha, kwenye injini zote tatu za ndege aina ya Lockheed L-1011, kifaa kidogo kinachonasa chembe za chuma ndani ya oili. Kifaa hicho hufungwa kikiwa na oringi zake. Walizoea kukikuta kimeshavalishwa, tayari kwa kufungwa. Usiku huo vilivyoandaliwa havikuwapo, wakachukua vya stoo, na vya stoo havikuwa na oringi. Karatasi ya kazi ilitaja oringi, waliisaini. Kisha wakazizungusha injini kwa sekunde kumi hivi kutazama kama kuna uvujaji. Hawakuona kitu, kwa sababu sekunde hizo hazikutosha oili kuonyesha inapotokea. Ndege ikaruka kwenda Nassau, Bahamas, ikiwa na watu 172. Injini moja ikapoteza oili, ikazimwa, rubani akageuza. Mishale ya kupima oili ya zile mbili nayo ikaporomoka hadi sifuri, na marubani wakaona mishale ndiyo mibovu, maana nani angeamini injini tatu zimeishiwa oili kwa wakati mmoja? Zote mbili zikazimika. Waliokoka kwa kufaulu kuiwasha tena ile ya kwanza na kutua nayo Miami. Hakuna aliyekufa.

Wale walikuwa mafundi wenye leseni, wenye miongozo, wenye karatasi za kusaini. Kilichowaangusha ni mazoea ya kwamba sehemu fulani ya kazi imeshafanywa na mwingine, pamoja na jaribio fupi mno. Ndicho kinachotokea sheli. “Tayari bosi” inayokuja injini ikiwa imewashwa kwa pumzi mbili haina tofauti na zile sekunde kumi za Miami.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi, na hili wenye biashara hawapendi nilitaje. Injini ikiharibika, maduka mengi humkata fundi mshahara au humfukuza siku ileile mbele ya mteja, na mteja huondoka ameridhika kwamba haki imetendeka. Anayebaki amejifunza somo moja: ficha. Akihisi nyuzi zimeteleza mkononi, hatamwita msimamizi. Atapaka silikoni kwenye nati, au atazungushia ile tepu nyeupe ya mabomba, ataikaza kidogo na kuomba Mungu oili isitoke kabla gari halijavuka geti. Nimezifungua nati za namna hiyo, na nakuhakikishia kwamba aliyezifunga alijua vizuri kabisa alichokuwa anafanya. Kijana ambaye angeweza kusema “bosi, nati hii imeliwa, tusiitoe hapa” ndiye pekee anayeweza kuokoa injini yako, na mfumo wa kukata mshahara unamziba mdomo.

Sasa nigeukie yale ninayoyasikia kila wiki kutoka kwa wenye magari. La kwanza, kwamba ufundi ulikuwa bure kwa hiyo huna cha kudai. Si kweli. Umelipia oili kwa bei ambayo ndani yake ufundi umo. Duka lisingeweza kumlipa yule kijana kwa hela ya hewani. Umenunua huduma ya kubadilishiwa oili, nayo inapimwa kama huduma nyingine yoyote. Na kuna kibao kingine, cha kwamba mali inaachwa kwa hatari ya mwenyewe; hicho kinaweza kuwa na maana ukisahau simu kwenye kiti. Nati waliyoilegeza wao si mali uliyoisahau.

La pili ni la hatari: “taa ya oili iliwaka, nikasema nisukume tu mpaka nyumbani.” Taa nyekundu ya kopo la oili haipimi kiasi cha oili. Inapima presha, na swichi yake hushtuka presha ikiwa imeshaporomoka mno. Ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, beringi za krenki huenda tayari zinasagana, chuma kwa chuma. Hakuna kusukuma mpaka nyumbani, wala mpaka sheli ya mbele. Ni kuweka pembeni na kuzima hapo hapo, hata kama ni katikati ya foleni ya Ubungo na wenye bodaboda wanakutukana.

Kisha kuna rangi. Muuzaji anachomoa kijiti cha kupimia, anakuonyesha weusi, anasikitika kwa niaba yako, na ghafla unatakiwa ununue dawa ya kuosha injini. Weusi ni kazi ya oili: imebeba masizi ili yasigande ndani. Kwenye dizeli hugeuka nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa, na hiyo si dalili ya ubovu. Fuata kilomita na muda. Kama anayekusikitikia anapendekeza injini ioshwe kwa dizeli kabla ya oili mpya, chukua ufunguo wako. Dizeli haitoki yote; inayobaki inaipunguzia nguvu oili uliyoilipia.

Oili nzito nayo ina wapenzi wake. “Joto la Dar linataka 20W-50, ile nyepesi ni ya Ulaya.” Nimewahi kuwasikia wenye duka wakilisema hili kwa uhakika wa kutisha, na mara nyingi sababu ni kwamba 20W-50 ndiyo iliyojaa rafuni. Namba ya pili inaeleza uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi joto 100, yaani joto la injini inayofanya kazi, ambalo halitofautiani sana kati ya Tokyo na Tandika. Injini za VVT-i hutumia presha ya oili kusogeza muda wa valvu kupitia vijia vyembamba na chujio dogo. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika. Kitabu cha gari, kama unacho na hakijaandikwa Kijapani kitupu, hutaja uzito unaoruhusiwa kwa joto la mahali. Usipokuwa nacho, angalia kifuniko cha oili, mara nyingi kimeandikwa. Tazama na herufi za API nyuma ya galoni. Daraja la SG, ambalo bado utalikuta kwenye oili za bei rahisi, liliandaliwa kwa injini za petroli za mwaka 1993 na kabla yake; SP ilianza 2020. Kwa gari lako la 2012, tofauti hiyo ina maana kuliko picha ya gari la mashindano iliyoko mbele.

Wengine wananiambia wanaona aibu kumsimamia fundi, kwamba ni kumdharau. Naheshimu adabu hiyo, lakini wanaichanganya na kitu kingine. Kukaa ndani ya gari ukitazama simu si adabu wala usimamizi. Shuka, wasalimie, muulize kijana jina lake. Mtu aliyeulizwa jina anajua kwamba kazi hii ina mwenyewe.

Na usitegemee ufundi wa bure. Kabla gari halijaingia shimoni, mwendee msimamizi umwambie waziwazi: nitaongeza elfu tano ya ukaguzi, na nataka mtu mmoja afungue na huyo huyo afunge. Nimeona hela hiyo ndogo ikibadilisha mwendo wa kazi nzima, kwa sababu sasa zile dakika kumi zina mnunuzi. Galoni lifunguliwe mbele yako. Kabla ya kumwaga, waulize wakuonyeshe nati watakayoifungua, hasa kama una Subaru. Filta ya zamani ikitoka, itazame mdomoni: mpira upo? Kama haupo, basi uko kwenye injini, na hapo ndipo pa kusema. Baada ya kumimina, injini iungurume dakika mbili tatu kabla gari halijasogea, na mtu aingie na tochi kutazama filta na nati. Zima, subiri dakika tano gari likiwa limekaa sawasawa, pima kwa kijiti wewe mwenyewe. Chukua magaloni matupu uende nayo au uyatoboe, maana galoni zima lenye kifuniko chake lina soko kwa wanaojaza oili za kughushi. Oili chafu waachie; kuna wateja wa kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa. Ukifika nyumbani, weka kipande cha boksi chini ya injini usiku mmoja.

Kwa wenye maduka ombi langu ni gumu zaidi kwa sababu linagusa kile kibao. Kishusheni. Andikeni bei ya ufundi kwenye risiti, hata iwe ndogo, na muutenge muda wake. Nunueni spana moja ya kupimia nguvu. Inalipa gharama yake siku itakapowaepusha na kulipia injini moja. Mtu wa pili, asiye yule aliyefunga, aiguse nati na kuichora alama ya rangi kabla gari halijawashwa, kisha wa chini atamke kwa sauti kwamba nati na filta vimefungwa na wa juu aitikie kabla ya kumimina. Baadhi ya vituo vya kubadilisha oili kwa haraka vya Marekani hufanya kuitikiana huku, na ni bure kweli. Wekeni daftari la namba ya gari, kilomita, aina ya oili, lita na jina la fundi. Na acheni kuwakata mshahara vijana wanaokiri kwamba nyuzi zimeliwa.

Pamoja na hayo yote, siku inaweza kukufikia. Ukiona oili chini au taa imewaka, zima injini kwanza. Usiiwashe tena “kusikiliza”. Usijaze oili ukaendelea na safari, kwa sababu utakuwa umefuta ushahidi na kuongeza uharibifu ambao watakugeuzia wewe. Piga picha mahali pa uvujaji kabla mtu hajagusa, piga na kijiti, kilomita kwenye dashibodi na kile kistika cha kioo. Itisha gari la kuvuta. Hapo ndipo utafurahi kwamba ulidai risiti ya EFD yenye tarehe na saa, badala ya kupunguziwa elfu tatu ili usiidai. Usitegemee bima kubwa: kwa kawaida haigusi ubovu wa mitambo.

Unaporudi dukani, usimtafute kijana. Mtafute msimamizi au mwenye duka, tena kwa maandishi: tarehe, kilomita, ulichonunua, kilichotokea, unachotaka. Kabla hawajafungua chochote, mlete fundi wa upande wako aandike anachokiona, maana wakishatoa nati hiyo kwa mkono wao mjadala umekwisha. Watasema nati ilikuwa imeliwa tangu ulipoleta. Inawezekana ni kweli, na ndiyo sababu swali la kuwauliza ni moja: kama fundi wenu aliikuta imeliwa, kwa nini aliifunga na kunikabidhi gari bila kuniambia? Sijamsikia msimamizi mwenye jibu zuri la hilo.

Wakikataa, Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye sehemu inayoshughulikia masharti yanayohesabika kuwemo kwenye makubaliano na mlaji hata kama hayakuandikwa, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inamhesabu mtoa huduma kuwa ameahidi ubora unaokubalika, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja ya Kenya bila kulazimika kuwa na wakili. Injini iliyotumika ya Fielder pamoja na kuifunga inaingia vizuri ndani ya kiwango hicho. Dai lako liwe na namba: bei ya injini, ufundi, gari la kuvuta, siku ulizokosa gari kama unalifanyia kazi. Na wakikubali kukutengenezea, andikeni ni injini gani itafungwa, ina dhamana ya muda gani, na kwamba ile iliyoharibika, pamoja na nati yake, inabaki kwako mpaka dhamana hiyo iishe.